Sisi Tulifua Majembe

Vumbi la chuma nalijua kwa ulimi, mimi. Nifumbeni macho, niwekeeni chembe moja mdomoni, nitawaambia limetoka kwenye jembe au kwenye shoka, la juzi au la mwaka jana. Nchi nzima hampati mwingine. Ila mara ya mwisho nilipojisifu hivi nikalamba, nikatikisa kichwa, nikasema shoka, kumbe nimelamba kutu ya sufuria yangu mwenyewe. Basi ladha tuiache. Nipeni masikio tu.

Karakana ile ina paa la bati bovu, tundu huku, tundu kule. Jua la asubuhi halina haja ya mlango. Linashuka tunduni fimbo fimbo, linasimama wima sakafuni, na ndani ya kila fimbo ya nuru vumbi linapanda, vumbi linashuka, jekundu la kutu, jeusi la makaa, linapishana, linasukumana kama watu sokoni. Na ukilitazama kwa mbali huwezi kusema nani anauza na nani anauzwa.

Katikati ya vumbi hilo alikaa mwanamke mzee waliyemwita Mvukuto. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini moto ulishalila. Tangu hajang'oa meno ya utotoni alikuwa kwenye mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, mkono huu juu, mkono huu chini, akipuliza. Alipomaliza kumpulizia baba yake akaanza kumpulizia mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata yeye dada mtu. Fundi kwenye fuawe akifua chuma juu yake, Mvukuto kwenye moto. Huyu anapiga, huyu anapumua. Wamezeeka hivyo, kama kisigino na kiatu: wanaumizana, hawaachani.

"Dada, puliza."

"Nakupulizia tangu uko tumboni. Wewe piga."

Nyuma ya karakana kuna kilima kisichoota majani vizuri. Si cha mchanga, si cha mawe. Ni takataka nyeusi zilizotemwa na matanuri ya mababu, na jina lake halina adabu, lakini ndilo jina: mavi ya chuma. Wageni huja kukipiga picha. Mvukuto hucheka kimoyomoyo akiwaona wanapanda kwa heshima, viatu mkononi. Wenzetu wameachiwa dhahabu na babu zao, husema. Sisi tumeachiwa choo, nacho kimetupa sifa.

Na sifa hizo, Fundi alizijua kuzitandika.

Kabla ya barabara, alikuwa akisema, kabla ya bendera, kabla hajatokea mtu wa kuja kutuhesabu vichwa, hapa palikuwa na moto. Matanuri ya udongo yalisimama mlimani yakiwa na tumbo na matiti kama mwanamke mja mzito, na chuma hakikutengenezwa, chuma kilizaliwa. Mito ilituletea udongo mwekundu, misitu ilitupa makaa, na sisi tulikuwa na mikono. Jembe letu lilivuka safu ya milima, likavuka mito, likafika kwa watu ambao hatukujua hata wanasalimianaje. Likarudi limegeuka chumvi, limegeuka nguo, limegeuka nafaka. Palikuwa na mji. Palikuwa na baraza la wazee. Mwenye kesi alisikilizwa, mwenye njaa alishibishwa.

"Na mwenye maneno mengi alivumiliwa," Mvukuto huongeza kutoka motoni, na wageni hucheka.

Kisha sauti ya Fundi ilishuka, kama chuma kinapoingizwa majini. Halafu wakaja wao. Alisema "wao" akinyoosha nyundo mlangoni, na wageni wote waligeuka kutazama mlango, kana kwamba wao wamesimama pale wanangoja kukaribishwa. Wakatuvizia kisimani. Wakatuibia watoto. Wakawafunga, wakawapeleka baharini, bahari ikawameza, ikaenda kuwatapika ng'ambo.

"Sisi tulifua majembe," alimalizia. "Minyororo walikuja nayo wao."

Sisi tulifua majembe. Aliisema kwa wanafunzi, aliisema kwa watalii, aliisema msibani na arusini, hata neno likang'aa kwa kushikwashikwa kama mpini wa nyundo. Na Mvukuto, kila liliposemwa, alivuta pumzi na kuipeleka yote motoni.

*

Mgeni huyu hakupiga picha.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa viganja, dereva wa basi huko kwao ng'ambo ya bahari. Hata akikaa kwenye kigoda miguu yake ilitafuta pa kukanyaga. Kiswahili alijifunza mwenyewe, kituoni, akingoja zamu. Alikisema polepole, akisimama kwenye kila neno kama vile kuna abiria anashuka. Alikuwa amepita karakana nyingi kabla ya hii. Aliingia, akasikiliza, akalala kwao, na kesho yake akaja kuketi penye mifuko ya kupulizia, akauliza kama anaweza kusaidia.

"Unaweza kupuliza?" Mvukuto akamwuliza.

"Naweza kuendesha basi."

"Basi ni hilohilo. Usilale, na usisikilize abiria."

Alipuliza vizuri. Alipuliza wiki nzima, jasho likimtiririka hadi kwenye visigino, na Fundi, akimtazama, siku moja akaacha kupiga, akaweka nyundo chini, akamwambia: "Wewe ni wetu. Wewe ni mtoto wetu tuliyeibiwa." Yule mwanamke akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama bati linavyovuja, tone, halafu tone, huku mikono inaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo akamwita Fundi Baba, akamwita Mvukuto Shangazi. Na Mvukuto, ambaye hakuwahi kuzaa, alijikuta asubuhi anamwachia maji ya moto ya kuoga. Akajitukana mwenyewe. Kikongwe mzima, kuhongwa kwa neno moja.

Siku ya mwisho, kabla ya safari, mgeni alimfuata Mvukuto uani, kwenye kamba ya nguo. Alikuwa ameshika fulana ya kitoto, imekunjwa, ina kitu kizito ndani.

"Shangazi, sikuonyesha mapema. Mama aliniambia, watazame watu kwanza, ndipo uwaonyeshe."

Akakunjua fulana. Ilikuwa pete ya chuma. Si ya kidole. Ya mguu.

Akaeleza, kituo kwa kituo. Mama wa kwanza wa ukoo wao aliteremka melini akiwa nayo juu ya kifundo. Aliyemnunua aliita wahunzi wa huko waitoe. Wakaizungusha, wakaipapasa, hawakuona mshono. Walisema wakiikata watakata na mguu, na mwenye mali hakutaka mali ikatwe. Akaachwa nayo. Alilima nayo, alizaa nayo. Ikamtoka yenyewe mwaka aliokonda hadi unyayo ukapita ndani yake. Tangu hapo mama humwachia binti, binti humwachia binti, na hakuna fundi aliyepata kuifungua. Sasa ni ya mama yake, aliye kitandani na hatainuka tena. Naye amemtuma binti yake swali moja tu, avuke nalo bahari, ampatie jibu kabla mama hajafumba macho.

"Anataka kujua nani alitufunga. Leo nampigia simu. Shangazi, wewe umekaa na chuma maisha yako yote. Unaijua kazi hii?"

Mvukuto hakuhitaji kuipokea. Aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake chumba cha pili. Unene uleule upande wa nje, wembamba uleule upande wa ndani, na ule mbonyeo mdogo ubavuni, mahali pa dole gumba, ambao katika nyumba ile uko kwenye kila pete: pete ya ndoo, pete ya mlango, pete ya pua ya ng'ombe. Sahihi ya watu wasiojua kuandika.

"Mambo ya chuma ni ya wanaume, mwanangu," akasema. "Mimi napuliza tu."

Akaanua nguo ambazo hazijakauka.

*

Aliwahi kusikia, huyu Mvukuto. Alikuwa mtoto, anachambua maharage na bibi yake, na bibi akiwa na hasira na wanaume wa nyumba ile, maana alikuwa na sababu zake, akayamwaga yote, maharage na maneno, katika ungo mmoja.

Walikuja wenye nguo nzuri, bibi alisema. Hawakuja na upanga, walikuja na salamu. Wakasifu jembe, wakalipigapiga kwa kucha, wakasema chuma hiki kina sauti. Wakaomba pete.

Za nini, akauliza babu wa babu.

Za ng'ombe.

Akachukua kipimo chao cha kamba, akakizungusha, akacheka. Ng'ombe gani mwenye mguu mwembamba namna hii?

Ndama, wakasema.

Wakacheka wote. Ndivyo ilivyoanza, mjukuu wangu: kwa kucheka. Ndama. Na yeye alijua, maana mhunzi hupima kwa jicho na jicho lake halikuwa bovu. Alijua kwamba hakuna ndama anayesimama kwa miguu miwili. Akafua. Akafua nyingi. Majembe yakakaa pembeni yakipata kutu, kwa kuwa pete zilileta zaidi. Kisha mashamba ya ng'ambo ya safu ya milima yakakosa majembe, kisha yakakosa wakulima, na hapo hapakuwa na haja ya majembe tena.

Na usifikiri ni wageni peke yao waliokuwa wanawaleta watu wa kufungwa, bibi alisema, akipeta kwa nguvu. Lile baraza zuri. Aliyeshindwa kesi, anapelekwa. Aliyekopa mwaka wa ukame, anapelekwa. Binti mwenye mdomo, mpwa yatima, mke wa pili asiyezaa. Mji uliojua kumsikiliza mwenye kesi ukajifunza kumtafutia mtu kesi. Kamba ndefu za watu zilipita hapa, mlangoni, zikasimama, na kila mguu ukavishwa kwenye fuawe hii.

Siku moja kwenye kamba alikuwamo mwanamke aliyewahi kununua jembe kwao. Alipofika fuaweni akamsalimu mhunzi kwa cheo chake, kama watu waliozoeana. "Fundi," alisema, "jembe lako bado linakata."

Mhunzi akatazama moto.

Ndugu zangu, moto una mengi ya kuangaliwa mtu akitaka. Pete ile angeweza kuifungua. Siri ya kuifungua ilikuwa ya nyumba yake peke yake. Ndiyo maana waliitaka ya kwake na si ya mwingine. Hakuna nguvu iliyohitajika. Palihitajika pa kugonga tu, na aliyepajua ni yeye, na alikuwa ameshika nyundo.

Akasema: afuate mwingine.

Bibi alipofika hapo akamaliza maharage, akapangusa mikono, akamwambia Mvukuto asimwambie mtu. Naye hakumwambia mtu. Alikuja kugundua baadaye kwamba mdogo wake naye aliambiwa na baba yao, kwa maneno mengine. Hawakuwahi kulizungumza. Walizungumza makaa, walizungumza magoti. Miaka yote hiyo, nyundo moja, moto mmoja, na katikati yao neno limelala kama nyoka chini ya mtungi: kila mmoja anajua liko pale, na kila mmoja anateka maji kwa uangalifu.

*

Mgeni aliingia karakana, akaiweka pete juu ya fuawe.

Fundi aliitazama. Mvukuto, aliyekuwa amefuata nyuma, alimwona shingoni mshipa ukicheza, kisha ukatulia. Mzee yule alikuwa hodari. Alivuta kigoda, akakaa, akaanza pale anapoanzia siku zote, kabla ya barabara, kabla ya bendera.

"Hii si kazi ya hapa, mwanangu," alisema, na akaishika. "Tazama ilivyo nzito. Hii imetoka kwao wenyewe. Walikuja nazo masandukuni."

"Wahunzi wa kwao hawakuweza kuifungua, Baba."

"Kwa sababu ya uovu wao. Mtu mwovu hufunga hata asichoweza kufungua."

Neno hilo lilimpendeza, akalirudia. Na akilirudia, akiwa anazungumza, akaisogeza ile pete kwenye ukingo wa moto, isipate joto jingi, iote tu, kwa kuwa chuma baridi hakisikii. Mvukuto akapuliza kidogo. Hakuambiwa.

"Sisi tulikuwa na mji," Fundi alisema. "Tulikuwa na sheria." Akaigeuza, akairudisha juu ya fuawe.

Nuru ilikuwa imeshuka tunduni, imesimama kati yao, na vumbi ndani yake limechangamka. Mgeni alikuwa amepiga magoti, uso umemwelekea Fundi kama mtoto anayelishwa. Alikuwa anayameza maneno yale ili ayabebe salama, ayavushe bahari, akamlishe nayo mama yake.

Mvukuto alimtazama. Akafungua mdomo. Angesema nini? Mwanangu, sisi si ndugu zako, sisi ndio tuliokupima mguu? Au pengine ni ndugu kweli, kwa maana bibi hakusema wale wapwa mayatima walikuwa wa nani. Na hiyo ingekuwa afadhali au mbaya zaidi? Akafunga mdomo. Jibu la uongo, akawaza, lina utamu wa maji ya mtungi wa jirani. Akaamua kwamba huyu mama wa kitandani afe na jibu zuri. Wangapi hufa bila hata baya.

"Waliwavizia watoto wetu kisimani," Fundi alikuwa anasema, na machozi yalikuwa ya kweli, hapo lazima nimtetee. Mtu akisema jambo muda mrefu hulia kwa ajili yake. "Mama yenu wa kwanza alikuwa ameenda kuteka maji. Tukamtafuta. Tukalia. Sisi hatukuwa na chuma cha namna hii. Sisi tulifua majembe."

Mdomo ulikuwa unakwenda huku. Mikono ilikuwa inakwenda kule.

Kwa maana mikono ya watu hawa haijui kukaa na chuma bila kukifanyia kazi. Ni kama mama mwenye kichwa cha mtoto mapajani: anapiga soga, na vidole vinasuka. Na pete ya nyumba ile, niwaambie sasa, haifunguliwi na mtu mmoja. Ulimi wake umelazwa ndani ya shavu lake, ukafuliwa juu hadi mshono ukapotea; mmoja lazima aibane kwa koleo upande wa nyuma, aivute kidogo kwake, na mwingine agonge ubavuni, penye mbonyeo, kimshazari, pigo jepesi kama la kubisha hodi. Wawili hao walifungua pete namna hiyo tangu utotoni. Pete za ndoo, pete za milango. Hawakuwahi kuambiana "shika." Hawakuwahi kuambiana "gonga."

Fundi alisema "majembe," na akagonga.

Ikafunguka.

Haikupiga kelele. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayetenganisha midomo iliyokauka ili aseme kitu. Ikaachia, ikalala wazi juu ya fuawe. Na ile fimbo ya nuru ikaingia moja kwa moja katika mdomo wake, mahali ambapo jua halikuwa limefika tangu mguu wa yule mwanamke ulipowekwa hapo. Ndani hapakuwa na kutu. Ndani chuma kilikuwa cheupe, kipya, kizuri mno, kama kimefuliwa asubuhi ile. Vumbi likashuka polepole, likaanza kuingia.

Moto, ulioachwa bila wa kuupulizia, ukaanza kufifia.

Mgeni alinyoosha kidole, akagusa ule weupe. Akautazama sana. Kisha akainua macho.

"Baba," alisema, akisimama kwenye kila neno, na safari hii hapakuwa na abiria wa kushuka. "Umejuaje pa kugonga?"

Fundi alitazama nyundo. Akaiweka chini. Akaiokota tena.

"Nimebahatisha."

Mgeni akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa nauli na kuikubali. Halafu akageuka. Hakugeuka kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mvukuto kuliko yote. Aligeuka kama mtu anayetafuta shahidi, mtu wake, mtu aliyemwachia maji ya moto asubuhi.

"Shangazi, ni kweli? Amebahatisha?"

"Kweli, mwanangu," alisema Mvukuto. "Sisi hapa hatuijui kazi hii."

Yule dereva aliteremsha macho. Alikuwa anatazama mikono ya Shangazi, na Mvukuto naye akatazama. Koleo lilikuwa mkononi mwake, limeuma pete kwa nyuma, pale pale penyewe, na bado alikuwa analivuta kwake.